Simu ya Njia Kwenye Pikipiki: Ichague Kama Unavyochagua Jembe

UJUZI WA KAZI

Mkulima akienda dukani kununua jembe, hatazami rangi yake. Hulishika mkononi na kuupima uzito wake. Huligonga kwa kidole asikie sauti ya chuma. Hutazama tundu la mpini. Kwa nini? Kwa sababu anajua jembe hilo litakwenda kupigana na ardhi ngumu. Jembe bovu likivunjika wakati wa mvua za kwanza, hasara si bei ya jembe tu. Hasara ni shamba zima.

Siku hizi vijana wengi wa vijijini wanafanya kazi ya bodaboda. Wapo pia wauguzi, mabwana shamba na wafanyabiashara wanaosafiri kwa pikipiki. Wengi wao wamefunga simu kwenye usukani ili iwaonyeshe njia. Jambo hili ni zuri. Lakini wengi waliichagua simu hiyo kama kitambaa cha sikukuu. Walitazama rangi. Walihesabu kamera. Mvua ya kwanza ikanyesha, simu ikafa.

Mwezi huu tujifunze jinsi ya kuchagua simu ya njia. Neno letu ni moja: simu ya njia ni chombo cha kazi. Ipime kwa kazi yake kabla hujatoa fedha yako.

MFANO WA KIJANA MMOJA

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Kijana mmoja ni mwendesha bodaboda. Usiku wa saa saba alipigiwa simu na ndugu yake wa kata ya jirani. Mtoto ana homa kali na anatapika. Gari halipo. Tafadhali njoo utupeleke kituo cha afya.

Kijana hakuwahi kufika kijiji kile. Lakini hakuwa na hofu, kwa sababu alikuwa na simu mpya yenye ramani. Aliifunga kwenye usukani akaondoka.

Alipovuka bonde la pili, mtandao ulikatika. Ramani ikawa nyeupe kama karatasi. Mbele yake palikuwa na njia panda. Alikwenda kushoto. Ilikuwa njia ya mashambani. Mvua ikaanza. Maji yakaingia kwenye simu, mahali pa kuchomeka chaja. Kioo kikaanza kuruka chenyewe. Kisha simu ikazimika.

Alizunguka gizani mpaka alipomkuta mlinzi wa shamba, akaelekezwa. Aliwasili saa kumi alfajiri badala ya saa nane. Mtoto alifikishwa kituo cha afya akiwa amelegea kabisa. Alitibiwa, akapona. Lakini mama yake hakuyasahau masaa mawili yale.

Je, kosa lilikuwa la nani? Si la mvua, maana mvua ni kazi yake kunyesha. Si la mtandao, maana kila mtu wa huko anajua kwamba bondeni haushiki. Kosa ni kwamba simu ile haikupimwa kwa kazi ile, wala haikuandaliwa.

SIMU INAIJUAJE NJIA?

Watu wengi hudhani simu huijua njia kwa sababu ya bando. Si kweli. Tulielewe jambo hili kwanza, maana ndilo mzizi wa mambo yote.

Juu sana angani kuna vyombo vinavyoizunguka dunia. Huitwa satelaiti. Satelaiti za mfumo wa GPS, ambao ni wa Marekani, ziko kilometa zipatazo 20,200 kutoka ardhini. Mfumo huo ulikamilika mwaka 1995. Urusi, Ulaya na China nazo zina mifumo yao ya namna hiyo. Simu nyingi za leo husikiliza mifumo zaidi ya mmoja.

Satelaiti hizo hutuma ishara mchana na usiku. Simu yako huzipokea, kama redio inavyopokea matangazo. Ikizisikia satelaiti nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua mahali ulipo. Kazi hiyo haina malipo. Haihitaji bando. Haihitaji hata laini.

Basi bando ni la nini? Bando huleta picha ya ramani. Satelaiti hukwambia, "Uko hapa." Ramani hukuonyesha mahali hapo pana barabara gani. Kama ramani imo tayari ndani ya simu, huna haja ya mtandao njiani. Kama haimo, mtandao ukikatika utaona nukta yako kwenye karatasi nyeupe. Ndivyo ilivyompata kijana wetu.

KIPIMO CHA KWANZA: JE, INAZISIKIA SATELAITI?

Usidhani kila chombo chenye kioo kina kipokezi cha GPS. Vishikwambi vingi vya bei rahisi, hasa visivyo na mahali pa kuweka laini, havina. Ukinunua kishikwambi cha namna hiyo, hakitakuonyesha mahali ulipo ukiwa porini.

Fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Mwombe mwenye duka mtoke nje, mahali penye anga wazi. Zima data. Zima na Wi-Fi. Washa sehemu ya mahali ulipo. Fungua programu ya ramani. Subiri. Nukta ikitokea, nayo ikasogea unapotembea, kipokezi kipo na kinafanya kazi. Bila mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa upesi. Usijaribu ndani ya duka lenye bati na kuta nene, maana ishara za satelaiti ni dhaifu na kuta huzizuia.

Mwuzaji akikataa kutoka nje, nenda duka lingine.

KIPIMO CHA PILI: MAJI NA VUMBI

Kwenye boksi la simu ngumu utaona herufi mbili, IP, kisha tarakimu mbili. Kwa mfano IP54, IP67 au IP68. Hicho ni kipimo kinachotumika duniani. Jifunze kukisoma, maana ukishakijua hakuna mwuzaji atakayekudanganya kwa maneno matamu.

Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi. 5 maana yake vumbi kidogo laweza kuingia, lakini si la kuharibu kazi ya chombo. 6 maana yake vumbi haliingii.

Tarakimu ya pili ni ya maji. 4 maana yake chombo huvumilia maji yanayorukiwa kutoka kila upande. 7 maana yake huvumilia kuzamishwa katika maji ya kina cha meta 1 kwa dakika 30. 8 maana yake huvumilia kuzama zaidi ya hapo, kwa kiasi anachokitaja mtengenezaji.

Kwa barabara zetu za vumbi la kiangazi na tope la masika, tafuta IP67 au IP68.

Lakini sikiliza tahadhari tatu. Kwanza, kipimo hicho hufanywa kwa maji safi na simu mpya. Maji ya chumvi ya baharini ni jambo jingine. Pili, kinachozuia maji ni mipira na gundi. Vitu hivyo huchakaa. Simu ikianguka na kupata ufa, au ikifunguliwa na fundi, kinga hiyo huenda imekwisha. Tatu, kama tundu la chaja lina kifuniko cha mpira, kifunge vizuri kabla ya kuondoka. Tundu likilowa, usichaji mpaka likauke kabisa.

Kwenye maboksi mengine utaona pia maneno MIL-STD-810. Hayo ni majaribio yaliyopangwa na jeshi la Marekani kwa vifaa vyake: kuanguka, joto, baridi, mtikisiko na mengine. Usifikiri kwamba jeshi limeikagua simu hiyo. Mtengenezaji mwenyewe huchagua majaribio ya kufanya, kisha huandika maneno hayo. Ni dalili njema, lakini si kiapo. Uliza: imejaribiwa kwa kuanguka kutoka meta ngapi?

KIPIMO CHA TATU: JUA NA JOTO

Simu nyingi huonekana vizuri sana dukani. Ukitoka nazo saa sita mchana, kioo huwa cheusi kama maji ya kisima. Utaanza kuinama na kukodoa macho. Ukiwa kwenye mwendo, huko ndiko kuitafuta ajali.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Simu nyingi za bei nafuu zina niti 400 au 500. Kwa matumizi ya juani, kadiri zinavyokaribia 1,000 ndivyo bora. Lakini huhitaji kukariri namba. Wewe toka nje wakati wa jua kali. Ongeza mwangaza mpaka mwisho. Iweke mbali na uso wako kama itakavyokaa kwenye usukani. Je, unaiona barabara kwenye ramani bila kukunja uso? Kama huioni, simu hiyo si ya pikipiki.

Joto nalo ni adui. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za sentigredi. Simu iliyo kwenye usukani juani, huku inachaji na kioo kinawaka kwa nguvu, huzidi hapo kwa urahisi. Ikizidi hupunguza mwanga, au huzimika yenyewe. Betri nayo huzeeka upesi.

Basi ukisimama, usiiache simu juani. Itoe na kuiweka kivulini. Mfuko wa nailoni unaozuia mvua uvue mvua ikikatika, maana huo huzuia upepo na kuipika simu.

KIPIMO CHA NNE: MTIKISIKO

Jambo hili wengi hawalijui. Mtikisiko wa injini na wa barabara huiharibu simu polepole, hata kama haijaanguka kamwe.

Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo kuhusu simu zake za iPhone. Ilisema mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa waweza kuharibu kamera za simu hizo. Sababu ni hii. Ndani ya kamera za simu nyingi za gharama, kioo cha kamera hakikufungwa imara. Huelea na kusogea kidogo ili picha isitikisike mkono ukitetemeka. Kikitikiswa saa nyingi kila siku, mfumo huo huharibika. Kwa pikipiki ndogo, kampuni ilishauri kutumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, na kutoitumia hivyo kwa muda mrefu.

Tunajifunza nini hapo? Simu ya gharama kubwa yenye kamera nzuri haiwi kwa sababu hiyo simu nzuri ya pikipiki. Huenda ikawa ndiyo mbaya zaidi. Kwa kazi ya njia, simu yenye kamera ya kawaida, umbo imara na pembe za mpira inatosha.

Kishikio nacho kichague kwa makini. Kiwe cha chuma au plastiki nene. Kishike pembe zote nne. Kiwe na mpira kati yake na usukani. Kisizuie usukani kukata kona, wala kisifunike taa za kukuonyesha indiketa na mafuta. Juu yake ongeza kamba fupi au mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku kishikio kikikatika kwenye matuta, simu itaning'inia. Haitalala chini ya tairi la lori.

KIPIMO CHA TANO: CHAKULA CHA SIMU

Simu inayoonyesha njia hula betri sana, kwa sababu kioo kinawaka na kipokezi kinafanya kazi muda wote. Tazama herufi mAh kwenye boksi. Namba yake ikiwa 5,000 au zaidi, ni mwanzo mzuri. Simu ambayo betri yake hutoka kwa mkono ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kubeba betri ya pili mfukoni.

Unaweza pia kuchajia kwenye pikipiki. Betri ya pikipiki nyingi ni ya volti 12. Simu ya kawaida huanzia volti 5. Kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kupunguza umeme. Usiunge waya ovyo. Mwambie fundi afanye mambo mawili. Kwanza, aweke fyuzi karibu na betri, ili waya ukichubuka usichome pikipiki. Pili, aunganishe kupitia swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki chaja nayo izime. Bila hivyo utaamka asubuhi betri ya pikipiki imekwisha.

SIMU AU KISHIKWAMBI?

Kishikwambi tulikizoea wakati wa Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiandika majibu yetu. Wengine wanauliza: je, kioo kikubwa si bora zaidi?

Kioo cha kishikwambi kidogo ni inchi 8, yaani sentimeta 20 kutoka pembe hadi pembe. Kweli, kinasomeka vizuri. Lakini kishikwambi kigumu cha ukubwa huo, pamoja na kishikio chake, huweza kukaribia au kuzidi nusu kilo. Uzito huo wote unaning'inia kwenye usukani na kupigwa na kila shimo. Tena hushika upepo, hufunika taa, na huwaita wezi kutoka mbali.

Kwa pikipiki ya kawaida, simu ya inchi 6 hadi 6 na nusu inatosha. Kishikwambi kinamfaa dereva wa gari, au mtu anayesafiri kwa pikipiki lakini kazi yake ya kuandika huifanya akifika. Huyo na akibebe ndani ya mkoba mgongoni, si kwenye usukani.

USINUNUE SIMU BANDIA

Neno "ngumu" limekuwa chambo. Zipo simu zenye umbo la kijeshi na skrubu za kupamba, lakini ndani ni karatasi tupu. Usiuze mbuzi wako kwa ajili ya skrubu za kupamba.

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15. Hiyo ndiyo namba ya utambulisho ya simu, nayo huitwa IMEI. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa jina la aina ya simu. Kama jina hilo si sawa na lililoandikwa kwenye simu, irudishe. Kumbuka kwamba mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini Tanzania, na watu wengi walibaki na vipande vya plastiki mikononi. Dai risiti na karatasi ya dhamana.

Na kama fedha haitoshi? Huna haja ya kukopa. Kumbuka tuliyoyasema: GPS haihitaji laini. Simu ya zamani iliyopasuka pembe, lakini yenye kipokezi kizuri na betri nzima, yaweza kuwa simu ya njia. Inunulie mfuko wa kuzuia maji. Iweke ramani. Simu yako nzuri ibaki mfukoni. Laini yenye fedha zako ibaki kwenye kitochi. Hivyo mwizi akinyakua simu ya usukani, hakuchukua na akiba ya watoto.

ANDAA RAMANI KABLA YA SAFARI

Simu nzuri bila ramani ndani ni sawa na ghala zuri bila mahindi.

Siku ukiwa mjini penye mtandao mzuri, ingiza ramani ndani ya simu. Kitendo hiki huitwa kupakua. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo unalolitaka. Programu za Organic Maps na OsmAnd nazo huhifadhi ramani ndani ya simu na hutumika bila mtandao. Ramani huchukua nafasi, kwa hiyo nunua simu yenye nafasi ya gigabaiti 64 au zaidi. Ukishapakua, zima data ujaribu: je, barabara zinaonekana?

Pakua upya mara kwa mara, maana nchi hubadilika. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema alivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Mwezi Juni 2025 daraja la hapo, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa. Mwenye ramani ya zamani ataambiwa asubiri kivuko, na huku daraja liko mbele ya macho yake.

Tena, ramani haijui kila kitu. Haijui kwamba mto umejaa jana usiku. Haijui kwamba njia ya mbuga haipitiki masika. Wenyeji ndio wanaojua. Kuuliza si ujinga.

Vijiji vingi bado havionekani vizuri kwenye ramani. Lakini hilo linaweza kurekebishwa na sisi wenyewe. Mwaka 2004, huko Uingereza, ulianzishwa mradi wa OpenStreetMap. Ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani hiyo. Mwaka 2015 wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam walianza kuchora mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria, hasa mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huo huo mradi wa Crowd2Map ulianza kuchora vijiji vya Tanzania.

Basi nawe anza na kidogo. Ukifika zahanati, tia alama. Ukifika kisima, njia panda au daraja la miti, tia alama. Baada ya miezi michache utakuwa na ramani ya kata yako ambayo hata ofisini huenda haipo.

MACHO NI YA BARABARA

Ndugu msomaji, tumefika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Unaweza kuwa na simu bora kabisa, nayo ikakuua.

Tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kila sekunde. Ukiitazama simu kwa sekunde 3, umekwenda meta 50 bila kuona mbele. Hiyo ni karibu nusu ya uwanja wa mpira. Katika nusu uwanja kunaweza kuwa na mtoto, ng'ombe, shimo, au lori lisilo na taa.

Kwa hiyo fuata sheria hizi:

1. Andika mahali unapokwenda kabla ya kuondoka. Usibonyeze simu ukiwa kwenye mwendo hata mara moja.

2. Itazame safari yote mwanzoni. Kariri kona kubwa: "Kanisani kulia, darajani moja kwa moja."

3. Tumia sauti ya kukuelekeza kama simu inayo. Ukivaa kisikilizio, vaa sikio moja, na kwa sauti ya chini, usikie honi.

4. Ukipotea, simama kando ya barabara. Kisha tazama simu.

5. Mvua ikilowesha kioo, matone hukibonyeza kama vidole na kuiharibu safari. Simama, kifute, kisha endelea.

6. Vaa kofia ngumu, na abiria wako pia. Hakuna ramani ya kumrudisha marehemu.

Na neno moja kwa wenye mgonjwa. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata hali ya hatari, piga kwanza 115. Hiyo ni namba ya bure ya mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura. Pikipiki iwe msaada pale tu panapokosekana chombo kingine.

TURUDI KWA KIJANA WETU

Katika mfano wetu, kijana yule hakununua simu nyingine ya gharama. Alichukua simu ya zamani ya kaka yake. Aliipima nje, juani, bila data. Nukta ilitokea baada ya dakika tatu. Aliifungia kwenye mfuko wa kuzuia maji. Fundi alimwekea chaja yenye fyuzi. Siku ya mnada alipakua ramani ya mkoa mzima. Kisha, siku za kazi, akaanza kutia alama moja moja.

Alama ya kwanza aliitia kwenye njia panda ile ya bonde la pili. Aliandika maneno mawili tu: SHIKA KULIA.

Miezi mitatu baadaye alipigiwa tena simu usiku, kutoka kijiji kile kile. Mtandao ulikatika bondeni kama kawaida. Ramani haikufutika. Alifika kwa saa moja.

Simu yake haina kamera nne. Haina rangi ya dhahabu. Lakini wanakijiji wanajua kwamba huyu akisema anakuja, anafika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, simu inahitaji bando ili ijue mahali ulipo? Eleza.

2. Tarakimu mbili za IP67 zina maana gani?

3. Utaijaribuje simu kabla ya kulipa fedha?

4. Kwa nini simu ya gharama kubwa yaweza kuharibika upesi kwenye pikipiki?

5. Pikipiki ikienda kilometa 40 kwa saa, hupita meta ngapi katika sekunde 3? Pigeni hesabu pamoja, kisha mkapime urefu huo kwa hatua hapo nje.

6. Tajeni mahali kumi katika kata yenu panapofaa kutiwa alama kwenye ramani. Nani atazitia?

Kata ukurasa huu uuweke. Siku kijana wa nyumbani kwako akienda mjini kununua simu, mpe ausome kwanza.